Kituku, tarehe 3 mwezi wa 10, 2024: wasimuliaji ndio daftari letu

Kwa watu wa Kivu, ziwa ni barabara. Mwaka 2024 jambo hilo lilikuwa kweli zaidi, juu vita na M23 ilikuwa imekata njia ya kutoka Minova kupitia Sake mpaka Goma. Wachuuzi na vyakula vyao, familia na watoto, wote wakageukia maboti.

Siku hiyo ya Alhamisi, boti Merdi ilitoka Minova, Kivu ya Kusini. Ilipofika karibu na bandari ya Kituku, Goma, iliinama upande mmoja, ikapinduka, ikazama. Haikuwa usiku, wala katikati ya ziwa. Watu waliosimama kando ya maji waliona kwa macho yao.

Walikuwa wangapi ndani? Gavana wa Kivu ya Kusini alitaja abiria 278 na wafu 78, akasema zitahitajika siku tatu ili hesabu ya kweli ijulikane. Upande wa Goma, serikali ya Kivu ya Kaskazini ilitoa hesabu ndogo zaidi. Hesabu mbili kwa boti moja! Sababu yake ni wazi: pasipo orodha kamili ya abiria wakati wa kuondoka, kila mmoja anahesabu anachokiona.

Hapo ndipo masimulizi yanapata uzito. Mama mmoja aliyeokoka alieleza kwamba maji yaliwaingilia wakiwa bado njiani. Mlango ulifunguka, wakajaribu kuufunga, lakini kumbe maji yalikuwa yameshajaa. Akajitupa ziwani, akaogelea. Namna gani alitolewa, yeye mwenyewe hajui. Mwanaume mwingine aliona wanawake na watoto wakizama kando yake. Muokoaji naye ana sehemu yake: anakumbuka sura ya aliyemvuta, kitenge alichovaa, na mkono uliomponyoka. Mambo hayo hayaandikwi katika ripoti, lakini kwa yule anayemtafuta ndugu yake, ndiyo jibu pekee.

Tusisahau kwamba haikuwa mara ya kwanza. Mwezi wa 4, 2019, boti nyingine ilizama katika ziwa hili hili. Rais Félix Tshisekedi alitaja watu 150 waliopotea, na baadaye akaagiza kila abiria avae jileti ya kuokolea. Miaka mitano ikapita, na vilio vikarudi kando ya maji yale yale.

Katika desturi zetu, kilio kinahitaji jina. Marehemu anaitwa, ukoo wake unatajwa, ndipo watu wanatulia. Aliyezama bila kuandikwa popote, nani atamwita? Basi wandugu, tusingoje ripoti. Tuwakalishe waliookoka na waliookoa, tuwasikilize polepole, tuandike majina katika daftari moja. Na kabla ya boti ya kesho kuondoka, tudai majina yaandikwe bandarini, wakati wenyewe wangali wazima.