Visanduku viwili vya Android, leseni mbili tofauti

Ingia duka lolote la elektroniki Mombasa uulize kisanduku cha kuigeuza TV yako iwe ya kisasa. Utaonyeshwa viwili vinavyofanana kama mapacha, vyote vimeandikwa Android, kimoja bei yake karibu nusu ya chenzake. Muuzaji atakwambia ni kitu kimoja. Si kitu kimoja, na tofauti yao huanzia kwenye leseni.

Android ni mfumo endeshi, yaani programu kuu inayobeba programu nyingine zote kwenye kifaa. Msimbo wake wa msingi, unaojulikana kama AOSP, Google huuachia hadharani, sehemu yake kubwa chini ya leseni ya Apache 2.0. Leseni hii ni karimu: yeyote anaweza kuuchukua, kuubadilisha na kuuza alichotengeneza, wala halazimiki kuonyesha alichobadilisha. Ndiyo maana kiwanda chochote hupata Android bila kulipa hata senti.

Play Store na YouTube, hata hivyo, hazimo ndani ya msimbo huo. Ni mali ya Google, na kampuni ikizitaka sharti ifunge mkataba na kifaa chake kipite majaribio. Huawei iliionja tofauti hiyo mwaka 2019, Marekani ilipoiwekea vikwazo: Android huria ilibaki nayo, lakini simu zake mpya zikatoka bila Play Store.

Kile kisanduku cha bei ya chini mara nyingi ni AOSP tupu, Play Store imetiwa kwa mlango wa nyuma. Masasisho ya usalama hakipati, na Netflix huenda ikagoma au ikaonyesha picha hafifu. Hayo ni madogo. Julai 2025 Google ilifungua kesi New York dhidi ya waendeshaji wa BadBox 2.0, mtandao wa kihalifu uliokuwa umeteka zaidi ya vifaa milioni 10 vyenye Android isiyothibitishwa, visanduku vya TV vikiwemo. FBI ilikuwa imetoa onyo mwezi mmoja kabla. Vingine vilinunuliwa vikiwa na virusi tayari. Kifaa kama hicho hukaa kimya sebuleni, huku watu usiowajua wakipitisha shughuli zao kwenye intaneti unayoilipia wewe, na uchafu wao ukionekana umetoka nyumbani kwako.

Wako wanaosema basi ubaya ni wa programu huria. Mimi sikubaliani nao. Kiini cha Android ni Linux, kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, nacho kina leseni kali zaidi, GPL toleo la 2: uza upendavyo, lakini mnunuzi akiutaka msimbo wa sehemu hiyo, mpe pamoja na mabadiliko yako. Linux hiyohiyo imo kwenye Tizen ya Samsung na webOS ya LG. Tafuta kwenye mipangilio ya TV yako sehemu ya leseni za programu huria. Aghalabu utakuta ahadi ya kutoa msimbo, na GPL hutaka ahadi hiyo idumu angalau miaka 3.

Faida yake ilionekana kwa rauta ya Linksys WRT54G. Watu waligundua kuwa ndani yake mna Linux, kampuni ikatoa msimbo mwaka 2003, na hapo ukazaliwa mradi wa OpenWrt, ambao hadi leo huzipa uhai rauta ambazo wenyewe wamezitelekeza. Wapo wanaokwenda mahakamani kwa haki hiyo: mwaka 2021 shirika la Software Freedom Conservancy liliishtaki kampuni ya TV ya Vizio huko California, likidai msimbo kama mnunuzi wa kawaida.

Tatizo la kisanduku cha bei ya chini ni kwamba mtengenezaji wake hata hajulikani, basi msimbo utamdai nani? Google huchapisha orodha ya kampuni zilizoidhinishwa kwa Android TV. Kabla hujatoa pesa, lisome jina lililo kwenye boksi, ulitafute kwenye orodha hiyo ukiwa bado umesimama dukani.