Kicheko cha Kashasha: Hofu na Mwili katika Bukoba na Muleba, 1962

Tarehe 30 Januari 1962, wiki chache baada ya Tanganyika kupata uhuru, wasichana watatu wa shule ya kati iliyoendeshwa na misheni huko Kashasha, katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Muleba, walianza kucheka wasiweze kujizuia, na hadi shule ilipofungwa tarehe 18 Machi wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamekwisha kupatwa na hali hiyo. Shule ilifunguliwa tena tarehe 21 Mei, lakini wasichana 57 wakashikwa na hali hiyo, ikalazimika kufungwa kwa mara ya pili mwishoni mwa Juni.

Wanafunzi waliporudishwa makwao, hali hiyo iliwafuata. Huko Nshamba, nyumbani kwa baadhi yao, watu 217 walipatwa kati ya Aprili na Mei, wengi wao wakiwa vijana na watoto wa shule, na mwezi Juni ikazuka katika shule ya kati ya wasichana ya Ramashenye, karibu na mji wa Bukoba, ambako wanafunzi 48 kati ya 154 waliugua. Njia ambayo hali hiyo ilipitia haikuwa ya maji wala ya chakula, bali ya ujamaa na ujirani, kwani kwa kawaida aliyeshikwa alikuwa amekutana muda mfupi kabla na mtu aliyekuwa tayari anaugua.

Daktari P. J. Philip wa Bukoba na mwenzake A. M. Rankin wa Makerere, waliochapisha taarifa yao mwaka 1963, waliwapima wagonjwa kwa uangalifu mkubwa. Mgonjwa alicheka na kulia kwa vipindi vya dakika chache hadi saa kadhaa, akatulia, kisha akaanza tena, na watu walipojaribu kumzuia aliweza kupigana. Hali hiyo iliweza kurudiarudia kwa hadi siku 16. Hakukuwa na homa, na maji ya uti wa mgongo hayakuonyesha kasoro, lakini mboni za macho mara nyingi zilikuwa zimepanuka, na miguu iliruka kwa nguvu isiyo ya kawaida daktari alipogonga kano za goti. Wengine walisema wanaogopa bila kutaja wanachokiogopa, au wanahisi mtu anawakimbiza.

Dalili hizo zinaeleweka vizuri zikitazamwa kama mwitiko wa mwili kwa msongo, yaani mabadiliko yanayotokea pale ubongo unapoamini kuwa hatari ipo: homoni ya adrenalini humwagika katika damu, moyo huenda mbio, mboni hupanuka na misuli hukaza tayari kwa kupambana au kukimbia. Kicheko cha Kashasha, kwa hiyo, hakikuwa cha furaha, wala wasichana hao hawakuwa wakijifanya, kwa maana kwa kawaida mtu hawezi kupanua mboni zake kwa kukusudia.

Baadhi ya wenyeji waliita hali hiyo wazimu, lakini ilikuwa mbali na skizofrenia, jina ambalo daktari Mswisi Eugen Bleuler alilitoa mwaka 1908 kwa ugonjwa wa akili wa muda mrefu unaovuruga fikra na mara nyingi kumfanya mtu asikie sauti za wasioonekana. Katika Buhaya ya zamani, yaani nchi ya Wahaya zilimo Bukoba na Muleba, kunena na wasioonekana hakukuhesabiwa moja kwa moja kuwa maradhi, kwa kuwa embandwa, waliotumikia roho kama Wamara na Mugasha, walikuwa na nafasi yao iliyotambuliwa katika jamii. Mara nyingi mwenye skizofrenia huteseka kwa sauti zinazomrudia hata baada ya wengine kutulia, ilhali wagonjwa wa Kashasha walipona wote, na hakuna aliyefariki.

Hata hivyo, hali hizo mbili hukutana mahali pamoja, napo ni katika mwili. Msongo hauhitaji kuwa chanzo cha skizofrenia ili uichochee, kwani mtu mwenye ugonjwa huo anapoishi katika hofu, ugomvi au kukosa usingizi, sauti anazozisikia huweza kuongezeka na kuwa kali zaidi. Hapo ndipo historia ya Bukoba na Muleba inapowafaa wauguzi, walimu na familia za leo: madaktari wa mwaka 1962 waliwapima wagonjwa na kuiandika hofu waliyoieleza, na heshima hiyo hiyo, pamoja na dawa na nyumba yenye utulivu, ni haki ya kila anayeishi na sauti ambazo wengine hawazisikii.