Utando au Uchafu? Historia Fupi ya Majina ya Maradhi ya Ulimi

Katika orodha ya istilahi za afya ya kinywa iliyoletwa mezani petu na chuo kimoja cha uuguzi, kila kitu kionekanacho juu ya ulimi wa mgonjwa kimepewa jina moja tu: "uchafu wa ulimi". Jina hilo ni jepesi na hakuna asiyelielewa. Hata hivyo tumelirudisha, na makala haya yanaeleza sababu zake, ambazo asili yake ni historia ya utabibu zaidi kuliko sarufi.

Tangu kale waganga wamewataka wagonjwa watoe ulimi. Maandishi ya Wayunani yanayonasibishwa na Hipokrati yanautaja ulimi mkavu na mweusi miongoni mwa dalili za homa kali. Huko China, mwaka 1341, Du Qingbi alitoa kitabu chenye picha 36 za ndimi za wagonjwa, na aghalabu majina ya ndimi hizo yalifuata rangi na umbo lililoonekana kwa macho. Ulaya ilishika njia nyingine. Kwa karne nyingi matabibu wake waliamini kwamba afya ni mizani ya majimaji manne mwilini, na kwamba ulimi wenye utando ni ushahidi wa tumbo chafu na nyongo iliyozidi. Basi, kama tumbo ni chafu, hapana budi lisafishwe.

Hapo ndipo jina lilipozaa dawa. Dawa iliyopendwa kuliko zote ilikuwa kalomeli, ambayo ni chumvi ya zebaki. Mgonjwa aliharishwa nayo mara kwa mara, na zebaki ikamvimbisha ulimi, ikamtiririsha mate na kumlegeza meno. Yaani kiungo kile kile kilichotazamwa ili kujua maradhi kikaharibiwa na tiba. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, mwaka 1863, mganga mkuu wa jeshi, William Hammond, aliiondoa kalomeli katika orodha ya dawa za jeshi, na matabibu wenzake wengi wakamchukia kwa hilo. Fikra yenyewe haikufa upesi. Mwanzoni mwa karne ya 20 mpasuaji mashuhuri wa London, Arbuthnot Lane, alikuwa akiwakata watu utumbo mpana kwa kuamini kwamba choo kilichokawia tumboni kinautia mwili sumu.

Utando huo hasa ni nini? Juu ya ulimi mna vinundu vidogo mno, na vingi vyao ncha zake ni ngumu kama ukucha mwembamba. Kila siku ncha hizo huchakaa na kupukutika kwa msuguano wa chakula na kuoshwa na mate. Mtu asipokula, akipata homa, akipumua kwa mdomo usiku kucha, au mate yake yakipungua, ncha hazipukutiki. Seli zilizokufa, bakteria na mabaki ya chakula hushikamana hapo na kufanya tabaka jeupe au la manjano. Mfungaji wa Ramadhani huuona utando huo wakati wa alasiri ilhali ni mzima kabisa. Kwa hiyo, mara nyingi utando huonyesha tu kwamba ulimi haukufanya kazi yake ya kawaida, wala hauna habari yoyote ya tumbo. Rangi nayo hudanganya: kahawa, tumbaku na tambuu huutia ulimi rangi, na dawa za tumbo zenye madini ya bismuthi huugeuza kuwa mweusi kwa siku chache bila ya dhara.

Lakini si kila weupe ni wa namna hiyo, na hili ndilo lililotusumbua zaidi katika orodha ile. Kuna utando ambao ukikwanguliwa huacha mahali pekundu, pengine panapotoa damu. Miaka ya 1840 tabibu Berg wa Stockholm alionyesha kwamba unatokana na aina ya kuvu. Huwapata watoto wachanga, wenye kisukari, wavaao meno ya bandia, na waliotumia viuavijasumu kwa muda mrefu. Tangu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walipotambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, wahudumu wa afya wamejifunza kwamba utando huo kwa mtu mzima asiye na sababu nyingine ni dalili inayotaka apimwe. Mgonjwa wa namna hii akiambiwa kuwa ulimi wake ni mchafu, atarudi nyumbani kununua mswaki.

Kuna pia weupe usiokwanguka kabisa. Mwaka 1877 Ernst Schwimmer wa Budapest aliupa jina la leukoplakia, kutokana na maneno ya Kiyunani yenye maana ya weupe na bamba. Huonekana zaidi kwa watumiao tumbaku, na baadhi yake hugeuka saratani. Namsifu Schwimmer kwa jambo moja: hakudai kujua chanzo, alitaja alichokiona.

Mfano wa kinyume ni "ulimi mweusi". Kwa mbwa hilo lilikuwa jina la maradhi ya kuua, na mwaka 1937 Conrad Elvehjem, huko Wisconsin, aliwaponya mbwa hao kwa asidi ya nikotini, vitamini ambayo ukosefu wake huwaletea wanadamu pelagra. Ila ulimi wa mgonjwa wa pelagra hauwi mweusi. Huwa mwekundu na mchungu kama nyama mbichi. Hivyo ndivyo ilivyowafika maelfu ya wakimbizi wa Msumbiji nchini Malawi mwaka 1990, baada ya karanga kukosekana katika posho yao ya mahindi. Mfasiri akilihamisha jina la mbwa kwa wanadamu, muuguzi atatafuta rangi isiyokuwapo.

Mwenzangu mmoja alipendekeza "ukoga", neno zuri la Kiswahili, lakini limezoeleka kwa uchafu ugandao kwenye meno, na lingeturudisha kule kule. Kwa hiyo tumeandika "utando wa ulimi" kwa ule wa kawaida, "utando wa kuvu" kwa ule uachao wekundu, na "baka jeupe" kwa weupe usiokwanguka. Limebaki moja lisilo na jina: ile hali ya vinundu vya ulimi kurefuka na kuwa vyeusi, hasa kwa wavutaji tumbaku, ambayo kwa kawaida haina madhara. Mimi nimeandika "ulimi wa manyoya". Mwenzangu anapinga kwamba hapo hapana unyoya hata mmoja. Kamati itaamua.