Kumkimbilia Jirani na Kujizuia kwa Ajili Yake: Mafundisho ya Maafa Makubwa katika Kagera, 1996–2023

Historia ya Kanisa la Kilutheri katika Bukoba na Muleba haitengani na historia ya uponyaji. Wamisionari wa Betheli walipofika Buhaya mwaka 1910, walikuta Wahaya waliokwisha kulipokea Neno kutoka Buganda. Tangu hapo mahubiri na uuguzi vimekwenda pamoja, na Hospitali ya Ndolage, huko Kamachumu wilayani Muleba, ni shahidi wa jambo hilo. Lakini hospitali humngoja mgonjwa afikishwe. Maafa makubwa huangusha watu wengi kwa saa moja, mahali pasipo na kitanda wala mganga. Kati ya 1996 na 2023 Mkoa wa Kagera ulijaribiwa hivyo mara nne, na kila jaribu liliacha fundisho ambalo usharika unaotimiza miaka 100 hauna budi kulitunza.

Meli ya MV Bukoba, 1996

Jioni ya tarehe 20 Mei 1996 meli ya MV Bukoba iliondoka Bukoba kwenda Mwanza kwa kupitia Kemondo. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Asubuhi ya tarehe 21 Mei, safari ikikaribia mwisho, ilipinduka, na zaidi ya watu 800 wakafa. Hesabu ya waliokuwamo imebaki na utata, kwa kuwa abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha ya majina. Jamaa waliokwenda kutafuta ndugu zao hawakuwa na karatasi ya kuwaambia kama walipanda au hawakupanda. Wengi wa marehemu walizikwa Igoma, Mwanza.

Jambo moja la siku ile linaumiza hata leo. Meli ilielea kwa muda ikiwa tumbo juu, na ndani yake walikuwamo watu hai. Waokoaji walitoboa bamba la chuma ili wawatoe. Hewa iliyokuwa imeishikilia meli ikatoka, nayo ikazama. Huruma haikukosekana. Yaliyokosekana ni maarifa na vifaa vilivyoandaliwa mapema.

Tetemeko la ardhi, 2016

Jumamosi alasiri, tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko lenye ukubwa wa 5.9 liliupiga mkoa. Watu 17 walikufa, mamia wakajeruhiwa, nyumba nyingi zikaanguka au kupata nyufa, na shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika vibaya. Katika maafa ya namna hii, mara nyingi majirani ndio wa kwanza kuwabeba majeruhi.

Majeruhi wengi wanapofika kwa pamoja, kazi ya kwanza ya wauguzi ni kuwapanga kwa uzito wa hali zao, wala si kwa zamu ya kufika. Anayelia kwa sauti bado ana pumzi. Aliyenyamaza ndiye wa kutazamwa kwanza. Jamaa asiyeujua utaratibu huu hudhani mgonjwa wake amedharauliwa. Damu nayo haiwezi kutolewa na kutumika papo hapo, kwa maana ni lazima ipimwe kwanza. Damu inayomwokoa majeruhi wa saa ya kwanza ni ile iliyotolewa kabla ya ajali.

Ndege ziwani, 2022

Jumapili asubuhi, tarehe 6 Novemba 2022, saa za ibada, ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ikiwa na watu 43 iliangukia ziwani karibu na uwanja wa ndege wa Bukoba. Waliotangulia kufika ni wavuvi, kwa mitumbwi yao. Watu 24 waliokoka na 19 walikufa. Kesho yake marehemu waliagwa katika uwanja wa Kaitaba, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akiwapo. Kwa mara nyingine ilidhihirika kwamba mwokoaji wa kwanza ni yule aliye karibu, awe amefundishwa au hajafundishwa.

Ugonjwa wa Marburg, 2023

Jaribu la nne lilikuja kwa sura nyingine. Tarehe 21 Machi 2023 Serikali ilitangaza ugonjwa wa Marburg katika Wilaya ya Bukoba. Kati ya watu 9 waliohesabiwa kuugua, 6 walikufa, mhudumu wa afya akiwa mmojawapo. Mlipuko ulitangazwa kwisha tarehe 2 Juni 2023.

Hapa desturi njema zikawa hatari. Kumshika mgonjwa, kumwosha maiti na kujaa msibani ndiyo heshima ya Buhaya. Lakini Marburg huenezwa kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa au wa marehemu. Yule aliyejifunza kumkimbilia jirani ilimpasa sasa kujizuia kwa ajili ya jirani huyohuyo. Hata hilo ni tendo la upendo, na kwa wengi ni gumu kuliko la kwanza.

Wajibu wa karne ya pili

Msamaria wa mfano wa Bwana alikuwa na huruma, lakini pia alikuwa na mafuta, divai, mnyama wa kumbebea majeruhi, na fedha za kumlipa mwenye nyumba ya wageni. Huruma yake ilimkuta amejiandaa.

Vijiji vya Buhaya vina vyama vya kusaidiana viitwavyo bujuni, jina linalotokana na neno la Kihaya lenye maana ya kusaidia na kuokoa. Vyama hivyo huonekana zaidi wakati wa kuzika. Ingefaa vikumbukwe pia wakati wa kuokoa. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa hadi ngazi ya chini, na usharika unaweza kuzipatia watu waliofunzwa: vijana wanaojua kuzuia damu isitoke na kumbeba aliyevunjika bila kumzidishia madhara, wazazi wanaotoa damu kwa ratiba, na wazee wa kanisa wanaotunza daftari la majina ya kila nyumba, ili siku ya msiba asiwepo asiyejulikana kama abiria wa daraja la tatu wa mwaka 1996.

Usharika unaposimamisha jiwe lake la Ebenezeri na kumshukuru Mungu kwa miaka 100, unawakumbuka waliopotea ziwani, waliofunikwa na kuta, na waliokufa wakiwauguza wengine. Heshima inayowafaa ni kumwandaa jirani atakayefika kwanza.