Herufi za Vipande: Maandishi ya Vitambaa, Mikeka, Kanga na Vibao kati ya Posta na Kariakoo, Dar es Salaam

1. Utangulizi

Historia ya maandishi jijini Dar es Salaam imezoeleka kuandikwa kama historia ya magazeti, vitabu na mitambo ya uchapaji. Katika historia ya namna hiyo, mwenye herufi ni yule mwenye mtambo: serikali, misheni, chama au kampuni. Makala haya yanafuata njia nyingine. Yanachunguza herufi zilizobuniwa na watu wasiokuwa na mtambo wala mafunzo rasmi ya usanifu: wafumaji wa vitambaa, wasukaji wa mikeka, mafundi wa vibao na, katika miaka ya karibuni, vijana wenye kompyuta. Eneo linalochunguzwa ni lile linaloanzia Posta, kitovu cha ofisi, hadi Kariakoo, kitovu cha soko, ambako kazi za watu hao huuzwa na kuonekana.

Herufi hizo zinaitwa hapa herufi za vipande. Ni herufi ambazo kila moja imejengwa kwa kurudia maumbo machache yaliyokwisha kuamuliwa, kama vile mraba, robo duara, mkunjo wa ukindu au tundu la uzi, badala ya kuchorwa kwa mkono huru. Katika usanifu wa Ulaya, wazo hili huhusishwa na watu wanaojulikana kwa majina. Josef Albers alibuni nchini Ujerumani, katika miaka ya 1920, alfabeti iliyotokana na maumbo matatu tu: mraba, robo duara na duara. Mwaka 1967 Wim Crouwel wa Uholanzi alitoa alfabeti ya mistari iliyonyooka kwa ajili ya skrini za wakati huo. Pwani ya Afrika Mashariki, kazi ya aina hiyo imefanywa na watu wengi zaidi, lakini bila majina. Hoja ya makala haya ni kwamba kukosekana kwa majina hayo kulitokana na namna herufi zenyewe zilivyokuwa zikigawanwa. Namna hiyo ya kugawana ndiyo inayopaswa kueleweka kabla herufi hizo hazijahamishiwa kwenye kompyuta.

2. Mji wa hati mbili

Katika makutano ya barabara pale Posta limesimama Sanamu la Askari, lililozinduliwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi Waafrika wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Maandishi yake ni ya Kiingereza na Kiswahili, na Kiswahili chenyewe kimeandikwa kwa hati ya Kirumi na kwa hati ya Kiarabu. Jina la Kariakoo nalo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa vita hiyohiyo. Vita moja, basi, iliipa Posta sanamu na ikaipa Kariakoo jina. Kati ya sehemu hizo mbili utawala wa kikoloni uliacha uwanja wa Mnazi Mmoja kama mpaka wa kutenganisha makazi kwa misingi ya rangi.

Sanamu hilo linaonesha kwamba hadi mwishoni mwa miaka ya 1920 msomaji wa Kiswahili mjini hakuwa wa hati moja. Kanga za mwanzo zenye maneno nazo zilitumia hati ya Kiarabu, kisha hati ya Kirumi ikashika nafasi. Kuundwa kwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki mwaka 1930, na usanifishaji wa tahajia uliofuata, kulithibitisha hati ya Kirumi shuleni na vitabuni. Mabadiliko haya kwa kawaida hujadiliwa kama suala la siasa na dini. Yalikuwa pia na matokeo ya kiufundi. Hati ya Kiarabu huunganisha herufi na kubadili umbo lake kulingana na nafasi katika neno. Sanaa ya Kufi ya mraba inathibitisha kwamba inaweza kujengwa kwa vipande, ila kwa ustadi mkubwa. Herufi kubwa za Kirumi husimama pekee, kila moja katika chumba chake. Kwa mtu anayehesabu matundu ya uzi, tofauti hiyo ni kubwa.

3. Alfabeti nyepesi na mtihani wa M na W

Tahajia sanifu ya Kiswahili inahitaji herufi 24 tu. Q na X hazitumiki, na C hutokea katika CH pekee. Hakuna alama za juu ya irabu. Alama pekee ya ziada katika neno ni ritifaa ya NG'. Aidha, silabi nyingi huishia kwa irabu, hivyo irabu hurudiarudia. Methali inayojulikana na wengi, HABA NA HABA HUJAZA KIBABA, inatosha kuwa mfano. Ina herufi 22, lakini maumbo tofauti ni tisa tu: H, A, B, N, U, J, Z, K na I. Kati ya herufi hizo 22, tisa ni A na nne ni B. Mfumaji aliyekwisha kupata umbo la A amemaliza sehemu kubwa ya kazi kabla hajaanza.

Hata hivyo, wepesi huo una mtihani wake. Kiswahili hutumia sana M, N, W na K, ambazo zinahitaji mistari ya mshazari, na mraba hauupendi mshazari. Kwa upana wa matundu matatu, M, N, H na W hukaribia kufanana. Matundu matano ndiyo huzipa nafasi ya kutofautiana. Kosa hapa si la urembo tu. M iliyopinduliwa ni W, na lugha hii hubeba maana nzito katika herufi hizo mbili mwanzoni mwa neno: MEMA si WEMA, na MALI si WALI. Fundi asiyesomea usanifu hulazimika kutatua tatizo lilelile ambalo msanifu aliyesomea hulitatua, yaani kutunza tofauti ya maana ndani ya vipande vichache.

4. Uzi, ukindu na brashi

Kila malighafi ilitoa jibu lake. Katika vitambaa vya kufuma vinavyotandikwa juu ya makochi na meza, uzi huunda matundu ya mraba. Tundu lililojazwa huwa sehemu ya herufi, na tundu tupu huwa uwanja. Hapo I, L, E, H na T hutoka safi, ilhali K na W hupanda kwa ngazi. Neno KARIBU, linalopendwa sana katika vitambaa hivyo, huanza na herufi ngumu kuliko zote zinazofuata.

Katika mikeka hali ni kinyume. Ukili husukwa kwa ukindu unaokwenda mshazari kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, kisha shupatu hushonwa pamoja kuwa mkeka. Mshazari ndio mwendo wa asili wa ukindu. Kwa hiyo W na M hujichora zenyewe, bali mstari ulionyooka wa I ndio unaodai hila ya kubadilisha rangi za ukindu. Herufi ileile ina sura mbili kwa sababu ina mifupa miwili.

Fundi wa vibao alikuwa na kipimo cha tatu: upana wa brashi bapa. Baada ya daladala za watu binafsi kuruhusiwa rasmi mwaka 1983, mabasi hayo yalihitaji majina ya njia, na maneno kama POSTA, KARIAKOO na MWENGE yalipaswa kusomeka kwa mbali na upesi. Fundi alipiga mistari miwili kwa rula au kwa uzi wenye chaki, akagawa nafasi, akajenga kila herufi kwa mapigo yenye upana mmoja. O ikawa mstatili uliokatwa pembe, kwa kuwa pembe iliyokatwa ni nyepesi kuliko duara.

Jambo linalounganisha mafundi hawa watatu ni namna ya kunakili. Herufi ya mkono huru hunakiliwa na mwenye kipaji cha kuchora. Herufi ya vipande hunakiliwa na yeyote anayejua kuhesabu. Kitambaa kinaweza kuazimwa kwa jirani, matundu yakahesabiwa, kisha kikarudishwa. Hata bila kitambaa, umbo linaweza kuelezwa kwa mdomo: jaza mbili, ruka moja, jaza mbili. Nakala haipungukiwi na chochote ikilinganishwa na ya kwanza. Kwa sababu hiyo hakuna nakala inayoweza kudai kuwa ya asili, na hakuna aliyekuwa na haja ya kukumbuka nani alianza.

5. Mali ya nani?

Kanga inaonesha suala la umiliki kwa uwazi zaidi. Masimulizi ya asili yake yenyewe ni ya vipande: wanawake wa pwani katika karne ya 19 walishona leso sita, tatu kwa mbili, kupata nguo moja. Kanga iliyochapwa kiwandani ina pindo, mji na jina, na jina ndilo maandishi. Kampuni ya Kaderdina Hajee Essak ya Mombasa iliweka kwenye kanga zake alama ya K.H.E. pamoja na maneno "Mali ya Abdulla". Baada ya uhuru, viwanda vya ndani, kikiwamo Kiwanda cha Urafiki kilichojengwa Dar es Salaam kwa msaada wa China mwaka 1968, navyo viliweka alama zao. Maduka ya jumla ya Mtaa wa Uhuru, njia inayoelekea Kariakoo, huuza kanga kwa doti, na mnunuzi huitaja kwa jina lake.

Hivyo katika nguo moja kuna majina ya aina mbili. Jina la kanga ni la umma; alama ya ukingoni ni ya mfanyabiashara au kiwanda. Aliyechora herufi hayumo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi anayejulikana, na inagusa pia sanaa za jadi, ambazo ni za jamii. Mfumaji wa kitambaa yuko katikati. Kazi yake si ya jadi kiasi cha kukosa mtengenezaji, kwani yupo mtu aliyekaa akaamua W yake iwe na matundu mangapi. Wala si ya mtunzi mmoja, kwani A yake ilitoka kwa mwingine.

6. Kutoka tundu hadi skrini

Mwaka 2008 ilianzishwa FontStruct, programu ya mtandaoni iliyoundwa na Rob Meek kwa udhamini wa kampuni ya FontShop. Mtumiaji hupanga vipande kwenye miraba, herufi moja baada ya nyingine, na mwishowe hupata fonti inayotumika katika kompyuta yoyote. Anaweza kuigawa bure na kuwaruhusu wengine kuinakili na kuibadilisha, jina lake likibaki. Mfumaji wa Kiswahili angeitambua kazi hiyo mara moja. Jambo geni kwake lingekuwa lile sanduku la mwisho linalouliza jina la mwenye fonti na masharti ya matumizi.

Wakati huohuo, mabango ya turubai yanayochapwa kwa mashine yamechukua sehemu kubwa ya kazi ya brashi Kariakoo, na herufi zake hutoka katika fonti zilizokuja na kompyuta. Herufi za fundi wa vibao zimo hatarini kwa sababu moja ya ziada: hazikuwahi kukamilishwa. Fundi alichora herufi za neno aliloagizwa tu. Hapa ndipo wepesi wa alfabeti ya Kiswahili unapokuwa na thamani ya kihistoria. Anayetaka kuzihifadhi anahitaji maumbo 24, nayo hupatikana katika vibao, vitambaa na mikeka michache, bila kubuni kisichokuwapo.

Yapo maoni kwamba kuandika jina ni kuzifungia herufi zilizokuwa huru. Maoni hayo yana uzito, kwa kuwa kijana anayehesabu matundu ya kitambaa cha bibi na kuisajili fonti kwa jina lake peke yake amefanya alichofanya mwenye alama ya ukingoni mwa kanga. Lakini kutaja si kumiliki. Jina la mfumaji laweza kuandikwa na nakala ikabaki bure.

7. Hitimisho na mapendekezo

Makala haya yameonesha kwamba herufi za vipande si jambo lililoletwa na kompyuta, na kwamba tahajia sanifu, malighafi na desturi ya kuazimana ndivyo vilivyoziwezesha kuenea miongoni mwa watu wasio wasanifu. Inapendekezwa kwamba makumbusho na maktaba zinapopokea kitambaa, mkeka au kibao chenye maandishi, zisiandike maneno yake tu. Ziandike pia kimo na upana wa herufi kwa matundu, kwa pingili za ukindu au kwa upana wa brashi, pamoja na jina la mtengenezaji pale anaporidhia. Hesabu hiyo itamwezesha mwingine kuijenga upya herufi, kama ilivyokuwa desturi. Na jina litahakikisha kwamba safari hii anayenakili anajua amenakili kwa nani.