"Mchawi Wewe, Umerudi Lini?" Kejeli za Wafipa Zinavyoishinda Kompyuta

Mwambie Mtanzania yeyote kwamba kwenu ni Sumbawanga, uone. Kabla hujaulizwa habari za mahindi au baridi ya kule juu, utaulizwa umekuja kwa basi au kwa ungo. Anayetaka kukukopa atanyenyekea kupita kiasi, eti asije akapigwa radi mchana kweupe. Mfipa mzoefu hakasiriki. Anamjibu taratibu, "Hela chukua, ila niandikie hapa jina lako kamili na la mama yako." Meza nzima inaangua kicheko.

Hakuna hata mmoja pale aliyedhani anasikia vitisho. Walijuaje? Sauti? Sura? Swali hilo dogo limewahangaisha mafundi wa kompyuta kwa karibu miaka ishirini, wakati bara hili letu lilikuwa na jibu lake kabla hata ya reli. Jibu lenyewe ni utani.

Na utani si mzaha tu. Karne ya 19, mpagazi wa Kinyamwezi akitoka Tabora kwenda pwani alipita kwenye nchi za watu asiowajua. Akiugua nani atamlaza? Akifa nani atamzika? Mahali kama Uzaramo alikuwa na watani: watu wenye ruhusa ya kumtukana na kumnyang'anya kuku, na wenye wajibu wa kumhifadhi. Kwingine utani ulizaliwa na vita. Wangoni waliofika Ufipa miaka ya 1840, mkuu wao akafia huko huko, baadaye walikuja kuwa watani wa makabila kadhaa waliyokuwa wamepigana nayo. Mkuki ukawekwa chini, ulimi ukaendelea.

Mambo haya yaliandikwa mapema, na mmoja wa waandishi wenyewe anachekesha: Mwingereza mtaalamu wa ndege (wa mbawa, siyo wa injini) aliyekuwa kwenye kituo cha utafiti cha Amani, Tanga. Mwaka 1944 makala yake kuhusu utani wa Tanganyika ilitoka katika jarida la Africa. Katikati ya kuhesabu ndege, alikuwa amewauliza watu nani anamtania nani.

Hapo ndipo penye siri. Ukitaka kujua kama neno ni tusi au ni kejeli ya kirafiki, hulichunguzi neno. Unamwangalia msemaji, ni nani kwa huyo anayeambiwa. Nenda msibani ukaone. Wafiwa wanalia, mtani anaingia kaburini, analala chali, anagoma kutoka mpaka alipwe. "Amekufa huyu mchoyo, sasa nani atatunyima chumvi?" Neno hilo hilo likitoka kwa jirani asiye mtani, ngumi zitarushwa. Kwa mtani, mjane anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu jana.

Sasa Mfipa alipataje hili la radi? Jina la mji lenyewe, wenyeji hulifasiri kuwa "tupa uchawi", yaani ukiingia hapa mzigo huo uuache nje. Kinaya kilichoje: mji wenye jina la kuukataa uchawi ndio uliobandikwa sifa yake nchi nzima. Watu waliochanganyika kwenye kambi za mkonge, shule za bweni, jeshini na mijini waliusambaza utani huo mpaka ukatoka mikononi mwa watani wenyewe. Leo hata asiyejua Ufipa iko upande gani wa ramani anakuomba usimpige radi.

Kompyuta zilipoingia kwenye mchezo huu zilianzia mlango usio wenyewe. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani walichukua mazungumzo ya simu yaliyorekodiwa wakafuatilia maneno mawili ya Kiingereza yanayofanya kazi kama "haya bwana" yetu: mara yanakubali, mara yanabeza. Walitegemea mpando na mshuko wa sauti. Ukiwa peke yake haukutosha. Muktadha ndio uliosaidia. Mwaka 2014 hata idara inayomlinda Rais wa Marekani ilitangaza kwamba inatafuta programu ya kutambua kejeli mtandaoni. Watu walicheka sana. Tangazo lilikuwa la kweli.

Kiswahili nacho kimefikiwa. Mwaka 2023 ulitoka mkusanyiko uitwao AfriSenti, wenye tweet zaidi ya 110,000 za lugha 14 za Afrika, Kiswahili kikiwamo, kila moja ikiwa imepewa alama na wazawa wa lugha: nzuri, mbaya au ya kati. Kazi kubwa kweli. Lakini chukua "anaupiga mwingi". Limetoka kwenye mpira, ni sifa tupu. Shabiki wa kiongozi analiandika akimaanisha, aliyekatiwa umeme tangu asubuhi naye analiandika. Herufi ni zile zile. Alama gani hapo?

Na tusiichekee mashine peke yake. Kwenye simu hata binadamu hamjui anayesema. Mtu akiandika "huyu bibi mchawi" chini ya picha ya mtu wa Sumbawanga, mtani atacheka na asiye mtani anaweza kuamini. Nchi hii si ya kuamini hayo kirahisi: kwa miaka mingi ripoti za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu zimekuwa zikitaja wazee, hasa wanawake, waliouawa kwa tuhuma za uchawi. Msibani watu walikuwapo wa kusema "mwacheni, huyo mtani". Kwenye picha iliyosambazwa mara elfu, nani atasema?

Ndiyo maana Wafipa wenyewe wamekuwa wepesi wa kuwahi. Zilipoanza habari za kuujenga upya uwanja wa ndege wa Sumbawanga, utani ulikuwa tayari: uwanja wa nini, na ungo mnazo? Jibu la Mfipa kwa swali la namna hiyo ni fupi: "Ndege ni ya wageni. Wewe mtani tutakufuata wenyewe, usiku, huna haja ya kukata tiketi."