Kipindupindu: sababu gani mgonjwa anahema mbio, na mwili unapambana namna gani na asidi

Kwa wakaaji wa ufuko wa Ziwa Tanganyika, kuanzia Mboko na Lusenda mpaka Baraka, kipindupindu si ugonjwa mgeni. Kiko mashariki mwa Kongo tangu miaka ya 1970, na kinarudi kila mara juu watu wengi bado wanakunywa maji ya ziwa na ya mito bila kuyatibu. Kuhara maji meupe kama ya kuoshea mchele, pamoja na kutapika, ni alama ambazo jamaa nyingi zinazijua.

Lakini kuna alama nyingine inayochanganya watu. Mgonjwa anaanza kuhema mbio na kwa nguvu, kifua kinapanda na kushuka, na kumbe hana hata kikohozi. Wengine wanasema ni pumu, wengine wanasema amepewa sumu. Kwa mtu anayehara namna hiyo, mara nyingi ni mwili wenyewe unaojitetea kwa sababu damu imezidi asidi.

Damu ina kipimo chake

Waganga wanapima asidi ya damu kwa namba inayoitwa pH. Kwa mtu mzima wa afya, namba hiyo inakaa kati ya 7,35 na 7,45. Ikishuka, asidi imeongezeka. Ikifika chini ya 6,8, ni vigumu sana mtu kuishi.

Asidi hiyo haitoki kwenye ndimu au nanasi. Mwili wenyewe unaitengeneza kila siku unapotumia chakula. Kinachoituliza ni bikabonati, chumvi ya jamii moja na magadi, ambayo iko ndani ya damu.

Kipindupindu kinaharibu wapi

Mtu mzima mwenye kipindupindu kikali anaweza kupoteza mpaka lita 1 ya maji kwa saa moja. Maji hayo hayatoki peke yake. Yanabeba chumvi, potasiamu na bikabonati, tena bikabonati nyingi kuliko ile iliyo katika kiasi sawa cha damu. Juu ya hiyo, damu ikipunguka, viungo vinakosa hewa ya kutosha na vinaanza kutoa asidi nyingine. Basi mgonjwa anapigwa pande mbili: dawa ya asidi inatoka, na asidi yenyewe inaongezeka.

Ngazi tatu za kujitetea

Ya kwanza ni bikabonati iliyobaki kwenye damu. Inafanya kazi palepale, lakini inaisha haraka.

Ya pili ni mapafu. Bikabonati ikikutana na asidi, inatoka gazi kaboniki, ile hewa tunayotoa tukipumua. Ubongo ukisikia asidi imepanda, unaamuru mapafu yafanye kazi zaidi ili gazi hiyo itoke kwa wingi. Ndiyo maana mgonjwa anahema hivyo. Kazi hiyo inaanza kwa dakika chache.

Ya tatu ni figo. Zinatoa asidi kwa njia ya mkojo na kutengeneza bikabonati mpya. Ila kazi yao ni ya polepole, inachukua siku kadhaa, na inahitaji damu ya kutosha. Mgonjwa aliyekauka hakojoi. Kwa hiyo ngazi hii inafungwa wakati ndiyo inahitajika zaidi, na mzigo wote unabaki kwa mapafu.

Mapafu hayawezi kurudisha yale yaliyopotea. Yanasogeza wakati tu. Mgonjwa akichoka, pumzi ikianza kupunguka na huku bado anahara na hakojoi, isidhaniwe amepata nafuu. Hiyo ni hatari kubwa.

Kwa nini seromu inasaidia

Mwaka 1831 na 1832, munganga William O'Shaughnessy alichunguza damu ya wagonjwa wa kipindupindu kule Uingereza. Aliona imepungukiwa maji, chumvi na ile dawa ya asidi. Mwaka 1832 munganga Thomas Latta akajaribu kuwapa wagonjwa maji ya chumvi kwenye mshipa, huko Leith, Scotland.

Leo kwenye kituo cha matibabu ya kipindupindu (CTC), mgonjwa aliyekauka sana anapewa Ringer lactate, mililita 100 kwa kila kilo. Mtu wa kilo 60 anapata lita 6 kwa saa 3, na karibu lita 2 kati ya hizo zinaingia katika nusu saa ya kwanza. Ini linageuza lakteti iliyo ndani yake kuwa bikabonati. Seromu ya chumvi tupu inarudisha maji, lakini haina kitu hicho. Figo zikipata damu, mkojo unarudi na kuhema kunatulia.

Mtoto wa chini ya mwaka 1, na yule mwenye utapiamlo mkali, wana kipimo chao. Munganga ndiye anaamua.

Jamaa ifanye nini

– Anza kumpa SRO mara tu kuhara kunapoanza. Pakiti yake ina chumvi, sukari, potasiamu na sitreti, ambayo mwili unaigeuza kuwa bikabonati.

– Kama SRO haipo, changanya lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Mchanganyiko huu hauna potasiamu wala sitreti, kwa hiyo ni wa kumsaidia njiani mpaka kituoni.

– Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya.

– Usimpe mgonjwa magadi au bikabonati ya dukani. Usimfunge kifua wala kumpa dawa ya pumu bila munganga kumwona.

– Akihema mbio, macho yakiingia ndani, asipokojoa au akilegea, mpeleke saa ileile. Aendelee kunywa njiani kama bado anaweza kumeza.

Kuhema namna hii kunaonekana pia kwa wenye ugonjwa wa sukari uliozidi. Munganga Mjerumani Adolf Kussmaul alikueleza mwaka 1874. Huko nako ni mwili unaofukuza asidi, na huko nako mgonjwa hawezi kungojea mpaka kesho.